Theluji isitoke ya kijivu
Ukipiga picha mtaani theluji imetanda kila mahali, kamera hudanganyika: mita (kipimamwanga cha kamera) huona weupe mwingi, hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na theluji hutoka ya kijivu. Ongeza mwangaza hatua 1 hadi 2 (kila hatua huzidisha mwanga mara mbili), ukiangalia histogramu, yaani grafu ya mwangaza wa picha, isigonge ukingo wa kulia. Chembe zinazoanguka, kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya sekunde 1/500 huzigandisha hewani. 1/60 huzigeuza mistari. Baridi huishusha betri nguvu, kwa hiyo ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kosa baya kuliko yote ni kuingia mkahawani na kamera wazi: umande huitanda, hata ndani ya lenzi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ungali nje (kadi itoe kwanza, kama una hamu ya kuziona picha), na usiufungue hadi ipate joto la chumba, hata saa nzima.