Namna ya kuipata Beta Pictoris kwa macho matupu

Ghala ninalolinda hapa Lindi likishatolewa korosho tunabaki watatu: mimi, mwenzangu wa zamu na paka. Ndiyo maana Februari ni mwezi wangu wa nyota. Leo nakuelekeza moja ambayo wengi huipita bila kuijua, Beta Pictoris. Ni nyota changa yenye sinia la vumbi na sayari zilizopigwa picha kabisa. Nyota yenyewe utaiona bila darubini. Vumbi na sayari hutaviona. Tuelewane mapema, usije ukanidai.

Kwanza jifiche na taa. Mimi huenda nyuma ya ghala, ukuta ukinikinga na taa ya geti, nikakaa dakika 20 bila kugusa simu. Hilo la simu ndilo gumu kuliko yote, maana ukiiwasha mara moja tu, macho yanaanza upya kuzoea giza. Tochi nimeifunga kipande cha kanga nyekundu. Usiku wa mbalamwezi lala zako. Na kama uko katikati ya Dar, tafuta safari ya kwenda shamba, kwa sababu nyota hii ni hafifu na taa za mji zinaimeza.

Mwanzoni mwa Februari, saa tatu usiku, geukia kusini. Tafuta Suheli, ile nyota ya mabaharia ambayo ramani za anga huiita Canopus. Katika nyota zote za usiku ni Sirius peke yake inayoizidi mng'ao, na saa hizo Sirius iko juu sana. Nyoosha mkono, kunja ngumi, ushuke kutoka Sirius kuelekea kusini ngumi tatu na nusu: hapo ndipo Suheli ilipo, karibu katikati ya upeo na utosi.

Sasa, mkono ukiwa bado umenyooka, simamisha vidole vitatu upande wa kulia wa Suheli. Pembeni mwa vidole, juu kidogo kuliko Suheli, kuna nyota hafifu iliyojikalia peke yake. Ndiyo hiyo. Ikikupotea, usiikodolee, tazama kando yake kidogo, itarudi.

Usiende mbali zaidi. Mimi wiki nzima nilikuwa namwonyesha mwenzangu Alpha Doradus, iliyo karibu ngumi mbili kutoka Suheli, tena kwa kujiamini. Nilipogundua nikamwita tena. Akacheka: "Mzee, hii ya leo nayo utaibadilisha kesho?"

Februari ikikupita, kwa mwaka ujao kumbuka hivi: Januari mwanzoni nyota hukaa pale pale saa tano usiku, Desemba saa saba. Ukitoka mapema kuliko hapo, picha inalala upande, Beta inakuwa juu ya Suheli.

Mwenzangu alipoiona aliuliza, "Ndiyo hiyo tu?" Nikampeleka getini. Ukiitazama ile taa kubwa ya geti, ukuta ulio nyuma yake huuoni. Nikamwambia aizibe kwa kidole gumba. Akaona wadudu wanaozunguka taa, kisha paka juu ya ukuta. Mwaka 1984 wanaastronomia Bradford Smith na Richard Terrile walifanya mambo hayo hayo huko Las Campanas, Chile. Mwaka uliotangulia setilaiti ya IRAS ilikuwa imegundua kwamba nyota hii inatoa joto zaidi kuliko inavyostahili, dalili ya vumbi. Wakaiziba nyota ndani ya darubini, na pembeni ukajitokeza mstari mwembamba wa mwanga pande zote mbili. Mstari, kwa kuwa sinia hilo tunalitazama ubavuni, kama sinia la pilau ukiliinua usawa wa macho.

Sayari ilichukua muda. Timu ya mwanaastronomia Anne-Marie Lagrange ilikuta nukta kwenye picha za mwaka 2003 zilizopigwa na darubini ya VLT, na ikatangaza mwaka 2008. Lakini nukta moja si ushahidi. Huenda ni nyota ya mbali iliyojipanga nyuma. Walipotazama tena mwanzoni mwa 2009 haikuonekana. Mwishoni mwa mwaka huo ikajitokeza upande wa pili wa nyota. Mlinzi yeyote anaelewa: mtu aliyeingia nyuma ya ghala kwa kulia akatokea kushoto, huyo anazunguka. Umbali wake na nyota yake ni kama wa Zohali na Jua letu, na siku yake ni kama saa nane tu. Lindo langu moja lingeimaliza na nusu nyingine juu. Mwaka 2020 sayari ya pili, iliyo ndani zaidi, nayo ilionekana moja kwa moja.

Mwanga utakaouona ulisafiri miaka 63 hivi, kwa hiyo ulianza safari mwanzoni mwa miaka ya 1960, Uhuru ukiwa mbichi. Nyota yenyewe ina miaka kama milioni 20; Jua letu limefika milioni 4,600.

Machi fanya haraka, giza likiingia tu. Baada ya hapo inaelemea magharibi na mawingu ya masika yanafunga. Mimi huipata tena Agosti, saa kumi na moja alfajiri, ikiwa kusini-mashariki, kabla sijakabidhi funguo.