Kukagua vidonge vya kupunguza uzito kabla ya kununua

Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, virutubisho, vikiwemo vidonge hivi, huingia dukani bila FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo) kuviidhinisha kwanza, kwa hiyo neno "asilia" kwenye kopo lisikupumbaze. Tafuta jina la bidhaa kwenye orodha ya FDA ya bidhaa zilizofichwa dawa ndani. Mara nyingi dawa hiyo ni sibutramini, ya kupunguza hamu ya kula, iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Jina lisipokuwemo, bado si kibali.

Geuza kopo, soma viambato. Sena ni dawa ya mmea inayomfanya mtu aharishe: hufanya kazi kwenye utumbo mpana, chakula kikiwa kimeshanyonywa. Kinachoshusha mizani ni maji tu, na madini ya potasiamu yakipungua mwilini mapigo ya moyo huvurugika.

Ukimwona kijana anameza vidonge hivi kila baada ya mlo, usimgombeze. Mpeleke kwa daktari pamoja na kopo lenyewe.