Leiden kwa siku moja: namna ya kuutembelea mji mkongwe wa Uholanzi, hatua kwa hatua

Wageni wanaonipigia simu kabla ya kuja Uholanzi wengi wana mpango uleule: Amsterdam asubuhi, Delft mchana, Utrecht jioni. Wakifuata mpango huo, wanachokiona zaidi ni stesheni. Kazi yangu ni kutembeza wageni, na ushauri wangu ni kuchagua mji mmoja mdogo na kuuzunguka kwa miguu mpaka uuzoee. Mimi huanzia Leiden.

1. Chagua siku

Jumatano na Jumamosi ndizo siku za soko. Jumatatu makumbusho mengi hufungwa. Tarehe 3 Oktoba mji mzima huwa kwenye sherehe na barabara hazipitiki. Nenda kama unapenda shamrashamra, la sivyo chagua siku nyingine.

2. Panda treni

Kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol ni kama robo saa au dakika 20 hivi. Huhitaji kupanga foleni ya tiketi, kwani kadi ya benki ya kugusisha inatosha. Igusishe kwenye mashine unapoingia, na uigusishe tena unapotoka, maana ukisahau utakatwa pesa za ziada. Kila mtu atumie kadi yake. Na kama uliingia kwa simu, toka kwa simu hiyohiyo hata kama kadi iliyomo ndani yake ni ileile ya mfukoni, kwa sababu mashine huzihesabu kuwa vitu viwili tofauti.

3. Toka upande wa mjini, elekea kwenye kinu

Ukitoka stesheni ya Leiden Centraal angalia chini kwanza. Njia yenye lami nyekundu ni ya baiskeli, nazo huja kwa kasi bila mlio. Usisimame hapo kupiga picha.

Dakika chache mbele utaona De Valk, kinu cha upepo cha kusaga nafaka kilichojengwa mwaka 1743. Kimejengwa kirefu ili mapanga yake yapate upepo juu ya mapaa ya nyumba. Ndani ni makumbusho: chini makazi ya msagaji, juu mitambo. Ngazi zimesimama wima, kwa hiyo mzee mwenye maumivu ya magoti asilazimishwe kupanda.

4. Jifunze kusoma nyumba

Hatua hii watu huiruka, nami nawaomba msiiruke. Chini ya nyumba kuna duka la simu au la viatu kama popote duniani. Umri wa nyumba uko juu. Simama upande wa pili wa mfereji, uangalie pale ukuta wa mbele unapomalizikia. Ukiwa umekatwa vidato kama ngazi pande zote mbili, mtindo huo kwa kawaida ni wa karne ya 16 au mwanzoni mwa ile ya 17. Ukiwa na umbo la kengele, ni wa baadaye.

Kisha tafuta boriti iliyochomoza karibu na kilele, yenye kulabu. Ngazi za ndani ni nyembamba mno, kwa hiyo makabati na magunia yalivutwa kwa kamba kupitia dirishani, na hata leo wapo wanaohamisha vyombo kwa njia hiyo. Halafu tazama vyuma vyeusi vilivyobanwa ukutani. Kazi yake ni kushikanisha ukuta na maboriti ya sakafu, lakini wajenzi wengine walivifua kwa umbo la tarakimu: chuma kimoja 1, kingine 6, na kuendelea. Ukivisoma kutoka kushoto kwenda kulia unapata mwaka wa nyumba. Mwenye watoto awape kazi ya kuvitafuta, watatembea bila kulalamika.

5. Panda Burcht

Ni ngome ya mviringo juu ya kilima kilichorundikwa kwa mikono ya watu, na kuingia ni bure. Ukiwa juu ya ukuta unaona mapaa yote, na hapo ndipo pa kuelezea kisa cha mji huu. Mwaka 1573 na 1574 jeshi la Hispania liliuzingira Leiden, na maelfu ya watu walikufa kwa njaa na maradhi. Wenzao waliokuwa nje wakatoboa matuta ya kuzuia maji, mashamba yakafunikwa, na mashua zikapita mahali ng'ombe walipokuwa wakila majani. Tarehe 3 Oktoba 1574 waliokolewa, wakagawiwa samaki wa heringi na mkate mweupe. Wakazi hula vyakula hivyo kila mwaka siku hiyo. Mwaka uliofuata, 1575, mji ukapata chuo kikuu, cha kwanza katika nchi hiyo.

6. Kula sokoni

Shuka hadi mto Nieuwe Rijn. Meza za soko hupangwa kando ya maji, karibu na Koornbrug, daraja lenye paa lililokuwa mahali pa kuuzia nafaka. Jaribu heringi kwa vitunguu. Hakaangwi, hutiwa chumvi tu. Asiyeweza anunue kibbeling, vipande vya samaki vilivyokaangwa.

7. Ingia kwenye hofje, kwa adabu

Hofje ni ua wenye vijumba vilivyojengwa na matajiri kwa ajili ya wazee na wasiojiweza. Leiden ina zaidi ya 30. Nenda Jean Pesijnhof ya mwaka 1683, mkabala na kanisa la Pieterskerk. Hapo ndipo palipokuwa nyumba ya mchungaji John Robinson, ambaye baadhi ya waumini wake walisafiri kwenda Amerika mwaka 1620 kwa meli ya Mayflower. Mlango ukiwa wazi, ingia. Ukifungwa, usibishe hodi. Humo wanaishi watu, kwa hiyo sema kwa sauti ya chini, usichungulie madirishani, na kundi lisizidi watu wanne au watano.

8. Malizia Rapenburg

Huu ndio mfereji ninaoupenda kuliko yote. Nyuma ya jengo la kale la chuo kuna Hortus, bustani ya mimea ya mwaka 1590, ambako mtaalamu wa mimea Clusius alipanda maua ya tulipu mwishoni mwa karne hiyo. Chuo hichohicho hufundisha Kiswahili, kwa hiyo usishangae ukisalimiwa na mwanafunzi wa Kizungu kwa "habari za leo".

Ukibaki na nguvu, Delft iko kama dakika 20 kwa treni. Mnara wa kanisa la Nieuwe Kerk huko una vidato 376 na hufungwa mapema kuliko mikahawa, kwa hiyo amua kabla ya saa nane mchana.