SOMO: Jalada la ngozi la Kiajemi lenye ulimi (kipande cha kukunjia kinachoingia chini ya jalada la mbele)

Mtindo huu ni wa Herat (leo Afghanistan) na Tabriz (Iran), karne ya 15 na 16. Mgongo ni bapa, na kingo za jalada zinalingana na za kurasa, hazizidi.

1. Kunja karatasi 4 kwa pamoja upate mkunjo mmoja wa majani 8; fanya hivyo kwa mikunjo yote. Shona kwa uzi wa hariri kwenye vituo viwili, kila mkunjo ukinasa uzi wa mkunjo uliotangulia. Paka mgongo gundi ya wanga, kisha bandika kitambaa chembamba kinachozidi sentimita 3 kila upande.

2. Gandisha karatasi moja juu ya nyingine kwa wanga hadi unene wa milimita 2 hivi. Kandamiza mpaka zikauke kabisa. Kata vipande vinne: mbele, nyuma, ukanda wa kufunika ukingo wa kurasa, na ulimi wa pembe tano.

3. Ngozi ya mbuzi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Punguza unene kwa kisu kikali, upande wa nyama, hadi milimita 0.8, kingo na sehemu za kukunjia 0.4. Kisu butu hakikati, kinavuta ngozi na kuitoboa. Paka wanga mara mbili: wa kwanza hunywewa, wa pili ndio unaoshika. Kati ya vipande acha milimita 3, la sivyo ulimi hautakunjika.

4. Kwa nakshi ya katikati, chimba jalada kidogo kabla ya kuvisha ngozi, ili ua likae chini na lisisuguliwe. Gonga mhuri ngozi ikiwa na unyevu tu.

5. Gandisha kitambaa cha mgongo ndani ya jalada, kisha kifunike kwa ngozi nyembamba. Mafundi wa Herat waliikata hii ya ndani kama lesi na kuibandika juu ya karatasi ya buluu; anayeanza asijaribu.

MASWALI

– Ulimi unakaa juu ya jalada la mbele?
Hapana, unaingia chini yake. Umeungwa na jalada la nyuma, ambalo ni la kushoto kwa kuwa kitabu kinasomwa kutoka kulia.

– Mkuu, mhuri wangu umeacha alama nyeusi.
Ngozi ilikuwa na maji mengi, au mhuri ulikuwa wa moto mno. Ujaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki.

– Jalada limepinda kwenda nje.
Ngozi ikikauka huvuta upande wake. Bandika ya ndani mapema, ivute upande wa pili, halafu weka uzito juu usiku kucha.

– Majalada ya enzi ya Qajar (Iran, karne ya 19) yanayong'aa nayo yalitengenezwa hivi?
Hayo hayakuvishwa ngozi usoni. Picha zilichorwa juu ya karatasi zilizogandishwa, kisha zikapakwa vanishi.