Kupanga Uzito wa Mafuta Katika Ndege Kubwa ya Jeti

Yeyote aliyemwona mchuuzi wa makala akiingia Lubumbashi na magunia juu ya baiskeli anajua kwamba gunia likisogea nyuma kidogo, gurudumu la mbele huanza kucheza. Ndege kubwa ina shida hiyohiyo, ila mafuta ni mzigo unaopungua njiani. Kwa hiyo kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote wa ndege unaposawazika, huhesabiwa mara tatu: ndege ikiwa haina mafuta, inaporuka, na inapotua.

Anza kwa kugeuza lita kuwa kilo. Mwenye gari la mafuta pale Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, atakutajia lita, lakini ndege hubeba kilo, na mafuta yakipata joto hutanuka: lita 10,000 zenye msongamano wa kilo 0.80 kwa lita ni kilo 8,000, zenye 0.78 ni kilo 7,800.

Jaza matangi ya mabawa kwanza, la katikati baadaye. Angani tumia la katikati kwanza, kwa kuwa uzito ulio mabawani huzuia hewa isiyapinde mno kwenye shina, pale yanapoungana na mwili wa ndege. Kumbuka kwamba mabawa yamelala kuelekea nyuma, hivyo tangi la nchani nalo huvuta kitovu nyuma. Kitovu hicho ndicho kinachoamua pembe ya bawa dogo la mkiani wakati wa kuruka.

Airbus A330 ina tangi hata ndani ya bawa hilo dogo. Chukulia ndege ya tani 180 inayohamisha tani 4 umbali wa mita 28 kwenda nyuma: zidisha 4 kwa 28, gawanya kwa 180, na kitovu kimerudi nyuma sentimita 62 hivi. Mkia hauhitaji tena kusukumwa chini sana, mabawa yanapumzika, na mafuta yanaokolewa. Kitovu kikivuka mpaka wake wa nyuma, hata hivyo, ndege huyumba kwa mguso mdogo. Kompyuta hufanya uhamisho huo yenyewe na kuyarudisha mbele kabla ya kutua. Rubani asome namba, tena kwa shaka.

Upande mmoja ukiwa mwepesi, hakikisha kwanza kwamba hakuna tangi linalovuja, maana ukiunganisha pande mbili unaweza kuupa uvujaji mafuta yote. Kisha fungua valvu ya kuunganisha, ndipo uzime pampu za upande mwepesi, ili injini zote zinywe kutoka upande mzito. Uzito ukilingana, washa pampu kabla ya kufunga valvu.