Jinsi ya kuwa kocha wa besiboli kwenye vyuo vya miaka miwili Marekani

Kwanza usikimbilie ukocha mkuu, utazeeka unasubiri. Anza kama msaidizi, mara nyingi hela ni kiduchu au hakuna kabisa, so uwe na kazi nyingine pembeni. Na usidhani ni kupanga mbinu tu aisee, utasawazisha kilima cha mrushaji na reki, mvua ikianza unakimbilia turubai kufunika uwanja, vyuo vingine hata basi la timu unaendesha mwenyewe.

Ila kazi yenyewe ni kusajili. Mchezaji anakaa miaka 2 basi, anahamia chuo kikuu au anachukuliwa na timu za kulipwa, kwahiyo kila mwaka kikosi kinakutoka mikononi. Bryce Harper, nyota wa besiboli, alicheza msimu mmoja tu chuo cha College of Southern Nevada, 2010 akachaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti, pale timu za kulipwa zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. California ndo ngumu zaidi, vyuo vyao havitoi skolashipu za michezo, unamvuta kijana kwa kumhakikishia atacheza.

Fuatilia na masomo yao, krediti (pointi za masomo za kuhamia chuo kikuu) zisipotosha hahami mtu. Mkibahatika kufika fainali za daraja la kwanza za NJCAA (chama cha michezo cha vyuo vya miaka miwili) kule Grand Junction, Colorado, nadi vijana wako kwa makocha wa vyuo vikuu, na wewe jinadi humohumo.