Kioo chenye maua ya trei za mayai

Mama mwenye nyumba wetu hapa Mbagala hataki kusikia nyundo ukutani. Msumari ni ule mmoja niliourithi kwa mpangaji aliyetangulia, basi. Ndiyo maana mapambo yangu nimeyamalizia kwenye kitu kimoja: kioo kilichozungukwa na maua ya trei za mayai.

Trei ziombe kwenye banda la chipsi. Nzima wanazirudisha kwa muuza mayai, ila zilizochanika hawana kazi nazo, na wewe unakwenda kuzikatakata vilevile. Chukua za karatasi tu. Yenye doa la yai iache hukohuko, inanuka na kuita mende. Nyingine zianike juani kutwa.

Trei ya mayai 30 ina vikombe 30, na baina ya vikombe zimechomoza pembe 20. Wengi hukata vikombe, pembe wakazitupa. Hapo wametupa uzuri wenyewe! Ikate pembe chini kabisa, ipasue kwenye kona zake nne kuanzia mdomoni, ukome kabla ya kufika nchani. Lowesha vidole, kunja kingo kwa nje. Karatasi hii ikilowa kidogo hulegea, ikikauka hubaki ulivyoikunja, nawe unapata ua refu kama alamanda. Kikombe nacho kipasue mara nne, halafu ncha za petali zizungushie mkasi. Weka kikombe ndani ya kikombe, cha juu ukigeuze kidogo ili petali zake zikae kwenye mianya ya cha chini. Pembe iingie katikati.

Paka rangi ya maji iliyo nyepesi, mikono miwili. Rangi mbili zinatosha, na maua kadhaa yaache na kijivu chake. Rangi saba waachie wenye daladala.

Sasa boksi, hasa la TV au friji. Kata maduara matatu yaliyo sawa. La nyuma liache zima, ulitoboe na kupitisha waya wa kuning'inizia kabla ya kugundisha chochote. La kati likate tundu linaloenea kioo barabara, la mbele tundu dogo kidogo ili likibane kioo kisidondoke. Kioo chenyewe kiwe chepesi, kile cha machinga. Mistari ya ndani ya boksi isifuatane: ya duara moja ikilala, ya jingine isimame. Gundisha, weka ndoo ya maji juu hadi asubuhi. Nyuma nako paka rangi, la sivyo unyevu wa Dar utalipinda.

Gundi tumia ile nyeupe ya maseremala. Uji wa ngano ni rahisi, lakini mende wataukuta.

Maua yabandike ukianzia ukingo wa kioo kwenda nje, makubwa kwanza, madogo yazibe mapengo. Usilitundike karibu na jiko wala mshumaa. Vumbi lipanguse kwa brashi kavu ya rangi; kitambaa kibichi kitalegeza petali.